Kukabidhi uongozi wa BMU Lamu: kazi ya siku 30 za mwisho

Mwenyekiti wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo na bandari yao, anayemaliza muda wake ana kazi ileile ya rais anayeondoka Ikulu, ila kwa kipimo cha bandari moja. Ana mali isiyokuwa yake, ana mhuri, ana ahadi alizotoa kwa mdomo, na kuna mtu anasubiri kuvipokea. Tofauti ni kwamba rais amewekewa sheria inayomwongoza hatua kwa hatua, na mwenyekiti wa Kizingitini au Faza, kule kisiwa cha Pate, mara nyingi ameachiwa dhamiri yake tu. Hapa tunauchukua utaratibu wa taifa na kuushusha ufuoni, kwa sababu umejengwa juu ya makosa yaliyokwisha kutokea, na makosa yenyewe ndiyo yanayovunja vikundi vyetu.

Tarehe 30 Desemba 2002 Daniel arap Moi alimkabidhi Mwai Kibaki madaraka pale Uhuru Park, siku 3 tu baada ya kura. Umati ulifurika na gari la rais anayeondoka likarushiwa matope. Tarehe 30 Desemba 2007 Kibaki aliapishwa tena, safari hii ndani ya Ikulu, jioni, muda mfupi baada ya matokeo kutangazwa. Katiba ya 2010 na sheria ya mwaka 2012 kuhusu rais kushika madaraka zikaweka mambo sawa: kiapo kiwe hadharani, kiwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kisubiri siku za malalamiko zipite, na kuwe na kamati inayoandaa makabidhiano mapema. Kila kifungu kati ya hivyo kinaweza kutumika katika banda la samaki.

Mkono unaogawa ufungwe kwanza

Kabla ya kuhesabu chochote, jua usichoruhusiwa kufanya. Ibara ya 134 ya Katiba inasema kwamba tangu siku ya kura ya kwanza ya urais hadi rais mpya ashike ofisi, aliyepo hawezi kuteua majaji, hawezi kuteua wala kufuta kazi mawaziri na mabalozi, hawezi kutumia mamlaka ya kusamehe wafungwa, wala hawezi kutunuku nishani. Uchaguzi ujao ukifanyika Jumanne 10 Agosti 2027 kama Katiba inavyopanga, mamlaka hayo yatasimama siku hiyohiyo. Nchi hailali kwa sababu hiyo. Rais bado ni amiri jeshi mkuu, mishahara inalipwa, doria zinaendelea. Kilichofungwa ni mkono unaogawa.

Kwenye BMU mkono huo ufungwe tangu siku tangazo la uchaguzi linapobandikwa. Usiajiri mlinzi wala karani wa takwimu. Usiandikishe wanachama wapya, maana kadi inayotolewa wiki mbili kabla ya kura ni kura iliyonunuliwa, hata kama hukukusudia. Usitie sahihi mkataba mpya na tajiri anayenunua kamba au kaa, hasa ule wa msimu mzima wa kaskazi.

Na usisamehe. Hili ndilo linalowashinda wengi. Mtu alishikwa na nyavu za plastiki za uzi mmoja, akapigwa faini, amelipa nusu. Siku za mwisho anakuja na jamaa zake, mwenyekiti anaona haya, anamwambia yamekwisha. Kamati mpya inaingia, inakuta deni kwenye daftari bila maelezo, inamdai. Yule mvuvi anaapa kwamba alisamehewa, na anasema kweli. Kuanzia hapo kila aliyepigwa faini atadai naye alisamehewa. Kama unaona msamaha unastahili, andika pendekezo lako ukurasa wa mambo yaliyobaki, uwaachie wanaokuja waamue.

Yasiyoweza kusubiri yafanywe. Jokofu likizima na samaki wamo ndani, humsubiri mtu achaguliwe. Tengeneza, lakini lipia kile kilichoharibika tu, chukua risiti, na uandike watu 2 wa kamati waliokubali. Kubadilisha jokofu zima kwa sababu moja limeharibika ni uamuzi wa wanaokuja.

Kuhesabu mali: siku ya 30 hadi ya 15

Kazi hii isifanywe na kamati inayoondoka peke yake. Chukua watu 4: mweka hazina, katibu, nahodha mmoja asiyegombea cheo, na mama karanga mmoja, yaani mwanamke anayekaanga na kuuza samaki. Nahodha anajua mashini, mama karanga anajua mizani. Anza asubuhi, ghala likiwa tupu la samaki, na kila kitu kitolewe nje kwenye mwanga. Vitu vilivyohesabiwa gizani ghalani hurudi kuwa ugomvi.

Kila kitu kipate mstari wake: jina, nambari au alama, hali yake, mahali kilipo, na mtu anayekishika. Mstari mbaya ni huu: "Mashini 1, nzuri." Mstari mzuri ni huu: "Mashini ya boti, Yamaha, nguvu ya farasi 40. Nambari imenakiliwa kutoka kibao cha chuma cha kushikia tezi. Inawaka. Rafadha imemeguka ncha moja. Tangi la lita 25 lipo na mpira wake. Kamba ya kuzimia haipo. Ipo kwa nahodha wa boti ya doria." Mstari wa kwanza unaweza kuwa mashini yoyote Lamu nzima. Mtu akibadilisha mpya kwa kuukuu, hakuna wa kumshika.

Mashini iwashwe mbele ya wote 4, ikiwa baharini au ndani ya pipa la maji, kwa dakika 10. Angalia ule mchirizi wa maji ya kupoza unaotoka ubavuni. Ukiwa mfululizo, andika hivyo. Ukikatikakatika, ama tundu limezibwa na mchanga na chumvi, ama pampu ya maji imechakaa. Choma tundu kwa waya mwembamba, jaribu tena, uandike matokeo. Mashini isiyopozwa huungua safari ya kwanza ya kamati mpya, na lawama zote huwaangukia wao.

Mizani ndiyo yenye maneno mengi kuliko yote, maana kila mvuvi anaamini inamwibia na kila tajiri anaamini inampunja. Siku ya makabidhiano si siku ya kubishana, kwa hiyo ipimeni mapema. Chukua dumu la lita 20 likiwa tupu, lipime, andika uzito wake. Kisha lijaze lita 20 za maji matamu, ukipima kwa chupa ya lita 1 mara 20, usijaze mpaka mdomoni, kwani dumu hupokea zaidi ya lita 20. Mizani iongeze kilo 20 juu ya uzito wa dumu. Usitumie maji ya bahari: lita 20 za maji ya chumvi zina kama kilo 20 na nusu, na nusu kilo hiyo itawafanya mseme mizani ni mbovu kumbe ni maji. Ikizidi au ikipungua, andika kwa kiasi gani na usiirekebishe mwenyewe. Ofisi ya vipimo ndiyo yenye kazi hiyo.

Makasha ya barafu yamwagiwe maji robo, yakae saa moja juu ya sakafu kavu. Sakafu ikilowa, kwanza tazama kizibo cha chini. Kama kizibo ni kizima, kasha limepasuka kwa ndani na barafu haitakaa hata usiku mmoja. Jaketi za kujiokoa zivutwe mikanda moja moja, maana chumvi hula vifungo kabla kitambaa hakijachakaa.

Vitu vilivyokamatwa viwe na orodha yao mbali kabisa. Majuya, bunduki za mikuki, nyavu haramu zilizorundikwa pembeni mwa ghala si mali ya BMU. Nyingine ni ushahidi wa kesi, nyingine zinangoja amri ya kuchomwa. Zikiingia kwenye orodha ya mali, baada ya mwaka mmoja mtu ataziona kama akiba na atazigawa. Andika zilikamatwa lini, wapi, na nani aliarifiwa.

Piga picha ya kila kitu pamoja na karatasi ya nambari yake. Orodha iandikwe nakala 3, kwa kalamu ya wino, mistari isirukwe. Karatasi za kikundi zina orodha fupi tu: hati ya usajili, katiba au sheria ndogo, ramani ya eneo, daftari la wanachama, daftari la takwimu za samaki, kumbukumbu za mikutano. Zihesabiwe kurasa, na kurasa zilizochanwa zitajwe.

Pesa: siku ya 14 hadi ya 8

Pesa za kikundi hukaa pahali 3: benki, simu, na mfukoni mwa mtu. Zihesabiwe zote saa moja, siku moja. Ukihesabu benki Jumatatu na simu Alhamisi, pesa zilezile zinaweza kuonekana mara mbili. Tuseme benki kuna shilingi 184,300, simu 12,750 na taslimu 6,200. Jumla ni 203,250. Lakini kuna hundi ya 15,000 aliyopewa fundi wa banda na hajaipeleka benki. Pesa halisi ya kikundi basi ni 188,250, na hiyo ndiyo itakayosomwa mkutanoni. Kamati inayosoma 203,250 inajitengenezea wizi usiokuwapo.

Kubadilisha waweka sahihi wa benki kunataka kumbukumbu za mkutano uliowachagua, zilizotiwa sahihi na kupigwa mhuri, vitambulisho, nambari za PIN za ushuru, picha ndogo, na kwa kawaida barua ya ofisi iliyokisajili kikundi. Uliza tawi lako mapema wanataka nini zaidi. Kinachorudisha watu nyumbani mara nyingi ni majina. Sisi huitana kwa majina ya utani na ya ukoo wa mama mpaka hata katibu husahau jina la mtu la kitambulisho. Kumbukumbu zikisema jina moja na kitambulisho jingine, benki haitapokea, na aliyetoka Pate amepoteza nauli ya boti na siku ya kazi. Katibu awe na vitambulisho mkononi anapoandika.

Waweka sahihi wa zamani wasiondolewe kabla wapya hawajakubaliwa. Rais naye hushika ofisi mpaka anayemfuata aape. Hakuna siku ambayo nchi haina rais, na kikundi kisiwe na wiki ambayo hakiwezi kununua barafu.

Laini ya simu inayopokea malipo ni shida ya peke yake. Kama imesajiliwa kwa kitambulisho cha mweka hazina anayeondoka, mbele ya kampuni ya simu pesa hizo ni zake, na akifariki zitaingia mirathi. Kumwachia mwenzake laini na namba ya siri si kukabidhi. Hamisha salio lote kwenda benki mbele ya mashahidi, chapisha taarifa ya miezi 6, funga laini hiyo, na kamati mpya ifungue namba ya malipo kwa jina la kikundi.

Ukurasa wa ahadi

Hapa ndipo mwenyekiti mzuri anapojulikana. Mali inaonekana, pesa zinahesabika, lakini maneno aliyoyasema kwenye baraza jioni hayamo katika daftari lolote. Kaa na katibu nusu siku, uyatoe yote.

Wageni wa dago, yaani wavuvi wanaohama na msimu na kupiga kambi, ni mfano. Wavuvi kutoka Pemba huja na kaskazi, huomba ruhusa kwa mdomo, huonyeshwa pahali pa kupiga kambi, hulipa. Mwenyekiti mpya asiyeambiwa anawakuta, anawaona wavamizi, anawafukuza. Andika: ni boti ngapi, nahodha wao nani, wamelipa kiasi gani mpaka lini, wamekatazwa wapi. Andika pia mapatano na kijiji jirani kuhusu mwamba fulani, mvuvi aliyekopeshwa mashini na alichobakisha, fundi aliyeahidiwa kazi, na malalamiko yaliyofikishwa ofisi ya uvuvi yakawa hayajajibiwa. Usiandike maoni yako kuhusu watu. Andika nini kilisemwa, na nani, lini, mbele ya nani.

Siku yenyewe

Tarehe ichaguliwe kwa msimu na kwa maji. Kaskazi wavuvi wako baharini, ukumbi utajaa wagombea na watoto. Kusi bahari ni kali na watu wako nyumbani, ila msafara wa wageni nao unapata taabu. Kama maofisa wanatoka Amu, yaani mji wa Lamu, kuja Pate, watapita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, na Mkanda hutaka maji. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kukauka sana, huku kwetu hujaa alfajiri na jioni na hukauka katikati ya asubuhi, kwa hiyo mkutano wa saa 4 utawasubiri wageni waliokwama topeni. Tazama kalenda ya Kiislamu: epuka siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, chagua tarehe 8 hadi 10 au 22 hadi 24 ya mwezi. Siku hizo maji hujaa kati ya saa 4 na saa 6 asubuhi, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Maji mafu hayajai sana, basi muulize nahodha kama boti yake, ikiwa na watu, inapita. Ijumaa iachwe.

Sheria ya taifa inatoa saa 4 hadi saa 8. Hapa maliza kabla ya adhuhuri. Banda liwe wazi pande mbili. Kasarani tarehe 13 Septemba 2022, siku ya kuapishwa William Ruto, watu waliumia langoni kwa msongamano kabla shughuli haijaanza, na hata watu 200 kwenye mlango mmoja wa ghala wanaweza kuumizana.

Baada ya dua, soma orodha yote kwa sauti. Usiseme "orodha ipo, atakayetaka aje aione". Mali ya watu 3 au 4 inaweza kusomwa kwa muhtasari, mali ya bandari nzima isomwe. Kisha funguo, moja moja, mkono kwa mkono:

"Funguo 6, mwenyekiti. Hii ghala, hii ofisi, hizi mbili makasha, hii jokofu, hii sanduku la pesa."

"Nimepokea, mzee wangu. Ya tangi la mafuta mbona siioni?"

"Imepotea tangu Ramadhani. Kufuli tulikata. Katibu, iandike hiyo."

Ikishaandikwa, imekwisha. Funguo iliyopotea na kutajwa haina maneno.

Cha mwisho ni mhuri. Kasarani, Uhuru Kenyatta alimpa William Ruto upanga na Katiba. Huku kwetu siwa, yaani baragumu kubwa, ya shaba ya Lamu na siwa ya pembe za ndovu ya Pate zilifanya kazi hiyo karne nyingi kabla, na aliyesikia siwa alijua nani ana mamlaka. BMU ina mhuri na katiba yake. Upigeni mhuri mara moja chini ya sahihi za wote wawili, ili alama yake ibaki kwenye ukurasa, kisha ukabidhiwe. Kama kuna mhuri wa pili uliotengenezwa wa kwanza ulipopotea, ukatwe hapohapo kwa kisu mbele ya watu. Barua za uongo za kuomba misaada huandikwa kwa mhuri wa pili.

Baada ya hapo

Weka muda wa malalamiko. Kwa urais, anayepinga matokeo ana siku 7 za kufungua kesi, na Mahakama ya Juu ina siku 14 za kuamua. Mwaka 2022 matokeo yalitangazwa 15 Agosti, kesi ikafunguliwa 22 Agosti, uamuzi ukatoka 5 Septemba. Tumieni hesabu hiyohiyo: kamati mpya ina siku 7 za kukagua vitu na kuandika hoja, iliyoondoka ina siku 14 za kujibu kwa maandishi. Hoja ikija baada ya hapo, inabebwa na walioko ofisini.

Anayeondoka apatikane kwa simu siku 30, ajibu anachoulizwa, asikae ofisini. Ajitoe kwenye usimamizi wa kundi la WhatsApp la tahadhari za bahari, lakini kwanza amwingize mwenzake, maana tahadhari ya upepo ikitumwa kwa mtu aliyekwisha kuondoka haimfikii nahodha. Na asione uzito kumsaidia aliyemshinda. Ugavana wa Lamu ulitoka kwa Issa Timamy ukaenda kwa Fahim Twaha mwaka 2017, ukarudi kwa Timamy mwaka 2022. Anayepokea leo huweza kuwa ndiye atakayekukabidhi kesho.

Nakala ya kwanza ya orodha ibaki kwa kamati mpya, ya pili kwa mwenyekiti aliyeondoka. Ya tatu ipelekwe ofisi ya uvuvi Amu ndani ya wiki hiyo, ipigwe mhuri wa kupokelewa na tarehe, na aliyeipeleka arudi na picha ya ukurasa uliopigwa mhuri.